Simulesheni ya blakijaki: kwa nini hesabu hasi hutokea mara nyingi kuliko chanya?

#1 MtakwimuWaMalindi

Habari zenu, wanajamvi. Ninasoma takwimu, na kwa utafiti wangu mdogo nimechagua swali hili: mtu anayehesabu karata katika blakijaki, mchezo wa kasino wa kukaribia 21 bila kuivuka, hukutana na kila thamani ya hesabu mara ngapi? Natumia njia inayojulikana kwa jina la Hi-Lo. Kila karata ya 2 hadi 6 inapotoka, unaongeza moja. Ya 7 hadi 9 haibadilishi kitu. Ya 10, ya picha au ree inapotoka, unapunguza moja. Jumla hiyo ninaiita hesabu ghafi. Ukiigawa kwa idadi ya pakiti ambazo bado hazijatolewa, unapata hesabu halisi, ambayo ndiyo humjulisha mchezaji kama karata zilizobaki zinampendelea yeye au zinampendelea mwenye meza.

Katika pakiti moja ya karata 52 ziko 20 za kuongeza, 20 za kupunguza na 12 zisizohesabiwa, kwa hiyo mizani imelingana. Kwa sababu hiyo nilitarajia -1 ijitokeze sawa na +1, na -2 sawa na +2. Programu yangu, niliyoiandika kwa lugha ya kompyuta ya Python, inatumia pakiti 6 na mchezaji mmoja, inachanganya upya baada ya pakiti nne na nusu kupita, na inaandika hesabu halisi mwanzoni mwa kila raundi. Inanipa hasi nyingi kuliko chanya, na tofauti hiyo haipungui hata nikiongeza idadi ya raundi. Naomba mnisaidie kuipata sababu.

#2 BintiAmu

Ahsante kwa swali zuri. Jambo la kwanza la kutazama ni namna unavyochanganya karata, kwa sababu hapo ndipo programu nyingi za aina hii huharibika bila mwenyewe kujua. Chukua karata tatu tu. Ukipita kila nafasi na kuibadilisha na nafasi yoyote kati ya zote tatu, unapata njia 27 zenye uwezekano sawa, ilhali mipangilio ya karata tatu ni 6. Namba 27 haigawanyiki kwa 6, kwa hiyo lazima mipangilio mingine ipendelewe. Njia sahihi ni ile ya Fisher na Yates ya mwaka 1938, ambayo Durstenfeld aliiandika kwa ajili ya kompyuta mwaka 1964: ukishaiweka karata mahali pake, huigusi tena, na unachagua miongoni mwa zilizobaki tu. Je, wewe umefanya ipi?

#3 MtakwimuWaMalindi

Shukrani, dada. Ninatumia amri ya kuchanganya iliyomo ndani ya Python, nayo inafuata njia hiyo hiyo ya Fisher na Yates. Zaidi ya hayo, nilihesabu ni karata gani inayotokea ya kwanza katika kila sanduku, yaani pakiti zote 6 zikishachanganywa pamoja, na zote zililingana.

#4 FundiWaLangoni

Mimi naona dada ameanza mbali. Tuanze na kugawanya. Umeigeuzaje hesabu halisi kuwa namba nzima? Alama ya kugawanya yenye mikwaju miwili (//) katika Python hushuka kwenye namba ndogo zaidi, si kwenye namba iliyo karibu na sifuri. Ukiwa na hesabu ghafi ya +1 na pakiti 5 zimebaki, jibu ni 0. Ukiwa na -1 na pakiti 5 zile zile, jibu ni -1. Maana yake ni kwamba kila kilicho chini ya sifuri, hata kwa kiasi kidogo mno, umekitupa katika kapu la -1, ilhali kapu la +1 linasubiri mpaka hesabu ifike moja kamili. Hapo hasi itazidi hata karata zikiwa za haki kabisa.

Wako wanaokusudia kushuka hivyo, wako wanaokata sehemu ya desimali, na wako wanaokwenda kwenye namba iliyo karibu. Majedwali matatu yaliyotengenezwa kwa njia hizo tatu hayawezi kulinganishwa hata kama yote yameandikwa "hesabu halisi" juu yake. Ushauri wangu ni kuacha kabisa kugawanya kwa sasa. Hesabu raundi ambazo hesabu ghafi ilikuwa juu ya sifuri, kisha zile ilikuwa chini, uziweke kando kando.

#5 NahodhaMstaafu

Wanangu, mimi sijui blakijaki, lakini kuhesabu kilichotoka nakujua. Pale Mkunguni, Lamu, mbele ya ngome, wazee wanaocheza dhumna hawaangalii vipande vyao peke yake. Vipande ni 28, na kila namba imo katika vipande saba. Ukiona sita za aina moja zimeshalala mezani na ya saba hunayo mkononi, unajua iko kwa nani kwa kumtazama aliyepita bila kucheza. Je, huku kwenu mtu anajuaje karata fulani imebaki, ikiwa pakiti ni sita?

#6 FundiWaLangoni

Shikamoo, Mzee Nahodha. Hapa mchezaji hajui ni karata gani hasa iliyobaki. Anajua tu kwamba kwa jumla kubwa zimebaki nyingi kuliko ndogo, au kinyume chake. Kubwa zikibaki nyingi, mchezaji hupata ree na kumi kwa pamoja mara nyingi zaidi, na mkono huo hulipwa tatu kwa mbili penye kanuni nzuri. Mgawaji naye, ambaye analazimika kuvuta akiwa na 16 au chini yake, huvuka 21 mara nyingi zaidi.

#7 UstadhWaMambrui

Assalaam aleikum. Sina nia ya kuuvuruga uzi, ila wajibu wangu ni kukumbusha kwamba kamari ni haramu kwetu, na kuicheza kwa akili hakuifanyi kuwa halali. Maneno ya faida huwavutia haraka vijana wa Malindi.

#8 MtakwimuWaMalindi

Waaleikum salaam, Ustadh. Nimekuelewa na ninakushukuru. Katika utafiti huu haimo hata shilingi moja. Karata ziko ndani ya kompyuta na kinachoandikwa ni hesabu tu.

#9 MwalimuMstaarabu

Ustadh ana haki ya kukumbusha. Naongeza tu kwamba elimu yenyewe ya uwezekano ilipata msukumo mkubwa mwaka 1654, pale Pascal na Fermat walipoandikiana barua kuhusu mchezo wa kubahatisha uliokatizwa, na leo elimu hiyo inatumika hospitalini na katika kutabiri hali ya hewa. Blakijaki nayo ina historia ya kuheshimika katika simulesheni: mwaka 1962 Edward Thorp, aliyetumia kompyuta ya IBM 704, alitoa kitabu chenye njia hii ya Hi-Lo.

#10 BintiAmu

Mwalimu, naomba nirekebishe kidogo. Njia kuu ya Thorp katika kitabu cha 1962 ilikuwa ya kulinganisha karata za kumi na zisizo za kumi. Hii ya kuongeza na kupunguza moja ililetwa na Harvey Dubner mwaka 1963, kisha Julian Braun wa IBM akaifanyia mahesabu ya kompyuta. Na kabla yao wote, mwaka 1956, Roger Baldwin na wenzake watatu waliokuwa jeshini Marekani walichapisha mbinu bora ya msingi ya kucheza, waliyoipata kwa mashine za kukokotolea za mezani. Nikifikiria subira ya watu wale, naona aibu kulalamika kwamba programu yangu inachelewa.

#11 MwalimuMstaarabu

Ahsante, Bi. Amu. Nimepokea. Nadhani hata jina la Monte Carlo, hii njia ya kukadiria jibu kwa kurudia majaribio ya nasibu mara nyingi, lilitokana na meza za blakijaki.

#12 BintiAmu

Jina limetokana na kasino ya Monako, lakini blakijaki haikuhusika. Mwanahisabati Stanislaw Ulam alikuwa akipona ugonjwa mwaka 1946, akicheza karata peke yake, akajiuliza uwezekano wa mchezo ule kukamilika. Alipoona hesabu ya kawaida ni ngumu mno, akafikiri kwamba ni afadhali kuucheza mara nyingi na kuhesabu uliofaulu.

#13 MtakwimuWaMalindi

Nimerudi na matokeo. Nilipofuata ushauri wa Fundi na kukata desimali badala ya kushuka, sehemu kubwa ya tofauti iliondoka. Lakini haikuondoka yote. Hata katika hesabu ghafi bila kugawanya chochote, raundi zinazoanza chini ya sifuri bado ni nyingi kuliko zinazoanza juu yake, na pengo hilo linarudi kila ninapoanza na mbegu mpya, yaani namba ya kuanzishia uchanganyaji wa nasibu.

#14 MhasibuKilifi

Hilo lililobaki lina sababu yake, nayo ni karata ya plastiki inayochomekwa ndani ya sanduku kuonyesha mwisho. Programu yako haichezi raundi idadi maalumu. Inacheza mpaka ifike kwenye plastiki. Fikiria masanduku mawili. Katika la kwanza, karata kubwa zimetoka mapema: mchezaji ana 20, mgawaji ana 20, karata nne tu na raundi imekwisha. Katika la pili, ndogo ndizo zilizotoka: mchezaji ana 3 na 4, anavuta 2, anavuta tena 5, mgawaji naye anavuta mara mbili au tatu. Sanduku la kwanza linafika kwenye plastiki baada ya raundi nyingi, la pili baada ya chache. Sasa tazama ni lipi lenye hesabu hasi: ni lile la kwanza, kwa sababu kubwa zimeshatoka. Kwa hiyo raundi za ziada zinazochezwa mwishoni ni za masanduku yenye hasi, na ukizijumlisha zote pamoja, hasi inazidi.

Hili si kosa la programu. Mezani pia huwa hivyo, na mchezaji asiyehesabu hupoteza kidogo zaidi kwa sababu hiyo.

#15 BintiAmu

Maelezo ya ndugu Mhasibu yananivutia, lakini nina shaka kama yanatosha kwa pakiti 6. Athari hiyo ni kubwa kwenye pakiti moja, na hupungua pakiti zikiongezeka. Ningependa kwanza kujua programu inafanya nini na karata ya mgawaji iliyofunikwa. Mchezaji akivuka 21, programu nyingi humaliza raundi hapo hapo bila kuifunua. Ikiwa haihesabiwi, kuna karata iliyokwisha toka ambayo haimo katika hesabu, na raundi za namna hiyo si za kawaida: mchezaji huvuka 21 akiwa na karata za aina fulani.

#16 MhasibuKilifi

Dada, hapo sikubaliani nawe. Karata isiyoonekana haina tofauti na karata iliyoko chini kabisa ya sanduku. Alimradi uamuzi wa kutoifunua umetokana na karata zinazoonekana tu, haiwezi kuupeleka wastani upande wowote. Inapunguza ujuzi wa mchezaji, basi.

#17 KaziYaMeza

Naomba kuchangia kama mtu aliyewahi kugawa karata kwa mshahara hapa Malindi, ingawa nimeacha miaka mingi. Simulesheni zenu zinadhani plastiki hukaa mahali pamoja. Mezani haiko hivyo. Mgawaji anapomaliza kuchanganya, humpa mchezaji akate karata, kisha mgawaji mwenyewe huichomeka plastiki kwa kukisia, na mikono ya watu haifanani. Mwingine huichomeka karibu na nyuma, mwingine huifikisha mbele zaidi ya ilivyotakiwa. Raundi ikiwa katikati plastiki ikatokea, raundi hiyo humalizwa, halafu ndipo karata zinachanganywa. Na msimamizi akimshuku mtu, humwambia mgawaji aisogeze mbele, mchezaji yule asifike kwenye karata za mwisho. Penye mashine inayochanganya mfululizo, mambo yote haya hayana maana, kwa sababu karata zinarudi ndani kila baada ya raundi.

Kisha kuna karata ya kwanza ambayo hutupwa bila kuonyeshwa. Programu inaiweka wapi?

#18 FundiWaLangoni

Kaka KaziYaMeza, shukrani. Hilo la plastiki kuhama ni jambo ambalo msimbo hauwezi kulibuni pasipo kuambiwa. Kuhusu karata inayotupwa, Mhasibu ameshajibu katika mchango wa 16: haionekani, basi ni kama iko chini ya sanduku.

#19 MhasibuKilifi

Neno la kaka kuhusu kusogeza plastiki linastahili tarakimu, nazo zinapatikana kwa kalamu bila kompyuta. Tofauti ya kila karata, kwa maana ya wastani wa miraba, ni 40 kwa 52. Ukitoa karata 52 kati ya 312, mkengeuko sanifu wa hesabu ghafi, yaani kiasi inachoyumba kwa kawaida kutoka wastani wake, ni karibu 5.8, gawanya kwa pakiti 5 zilizobaki, unapata kama 1.2. Ukitoa nusu, yaani 156, hesabu ghafi ina mkengeuko wa karibu 7.8, na kwa pakiti 3 hiyo ni 2.6. Ukifika karata 234, ambapo mtoa mada anachanganya upya, ni karibu 6.7 kwa pakiti moja na nusu, yaani kama 4.5.

Kwa hiyo uwezekano wa kukutana na hesabu halisi ya +2 au zaidi ni kama asilimia 4 au 5 baada ya pakiti ya kwanza, kati ya asilimia 22 na 24 katikati ya sanduku, na karibu theluthi moja kwenye pakiti nne na nusu. Tazameni jinsi robo ya mwisho ilivyo tajiri. Msimamizi aliyesogeza plastiki kwa pakiti moja hakuondoa sehemu moja kati ya sita ya nafasi za mchezaji. Ameondoa zile zilizo bora kuliko zote. Mtoa mada na alinganishe programu yake na namba hizi akisimama kwenye karata ileile kila mara. Zikikubaliana, basi uchanganyaji na uhesabuji viko salama, na tatizo liko katika mahali raundi zinapoanzia.

#20 MwalimuMstaarabu

Swali langu ni la ukubwa wa sampuli. Mtoa mada anasema pengo "linarudi kila" anapoanza upya, lakini raundi za sanduku moja si huru. Hesabu ikishazama, raundi kumi zinazofuata huanza zikiwa zimezama pamoja nayo. Asihesabu raundi kama vipimo tofauti. Kipimo ni sanduku. Nikigusia fedha kidogo, Ustadh aniwie radhi, mkengeuko wa matokeo ya mkono mmoja ni kama 1.15 ya dau, kwa hiyo hata baada ya mikono milioni moja wastani bado unayumba kwa karibu asilimia 0.115. Faida ya mwenye meza dhidi ya anayefuata mbinu ya msingi ni kama nusu asilimia, na kila +1 ya hesabu halisi humsogezea mchezaji kama nusu asilimia nyingine. Mambo madogo namna hiyo hayaonekani katika sampuli ndogo.

#21 UstadhWaMambrui

Niko radhi, Mwalimu. Bali nimefaidika: ikiwa anayejua yote haya anapata nusu asilimia na bado anayumba baada ya mikono milioni, huyo asiyejua anayeingia usiku na mshahara wake anategemea nini? Swali hilo mngelipeleka mashuleni.

#22 NahodhaMstaafu

Ustadh amesema. Na mimi hesabu za mwana wa Kilifi nimezisoma mara mbili, nikaridhika.

#23 MhasibuKilifi

Narudi kwenye plastiki, maana Bi. Amu hajaridhika. Kuna jaribio linaloweza kututenganisha. Hesabu halisi ina sifa moja nzuri: wastani wa thamani yake baada ya karata nyingine kutoka ni sawa na thamani iliyokuwa nayo. Kutokana na hilo, ukicheza raundi idadi ileile katika kila sanduku, tuseme 30, kisha ukachanganya bila kujali karata ngapi zimetumika, wastani wa hesabu halisi mwanzoni mwa kila raundi lazima uwe sifuri. Usikate desimali wala usishushe. Wastani ukiwa sifuri, basi plastiki ndiyo iliyokuwa ikiuvuta chini.

#24 MtakwimuWaMalindi

Umeme ulikatika usiku, kwa hiyo nimechelewa. Nimefanya jaribio la raundi 30. Kwa kuhesabu sanduku kama kipimo, kama Mwalimu alivyoelekeza, wastani hautofautiani na sifuri. Lakini idadi ya raundi zinazoanza chini ya sifuri bado inazidi kidogo zile zinazoanza juu.

#25 MhasibuKilifi

Wastani umethibitisha nilichosema.

#26 BintiAmu

Umethibitisha wastani, kaka, si marudio, yaani ni mara ngapi hasi au chanya inatokea, na swali la uzi ni la marudio. Vitu viwili hivi tusivichanganye. Tazama raundi ya kwanza kabisa baada ya kuchanganya, ambapo plastiki haina kauli yoyote. Raundi fupi ndizo nyingi, na mara nyingi ni fupi kwa sababu kubwa zimetoka, kwa hiyo zinaacha -2, -3 au -4. Raundi ndefu ni chache, lakini zinaweza kuacha +5 au +6. Wastani unabaki sifuri kwa sababu chanya chache ni nzito. Hasi zinazidi kwa idadi, chanya zinazidi kwa uzito. Mimi nasema pengo hili limezaliwa na mwendo wa raundi yenyewe, na plastiki inaliongeza tu.

#27 FundiWaLangoni

Kama ni hivyo, pengo lingepungua raundi zikiendelea, kwa kuwa jumla ya vitu vingi hujisawazisha. Mtoa mada ana majibu ya raundi ya 2 na ya raundi ya 30 kando kando?

#28 KaziYaMeza

Na mimi nauliza wachezaji ni wangapi. Mchezaji mmoja na mgawaji wanatumia karata chache, lakini meza iliyojaa watu saba humaliza sanduku kwa raundi chache sana, na raundi moja inakula karata kama 20. Raundi fupi za dada hazitaonekana hapo, kwa sababu mmoja akimaliza mapema mwenzake bado anavuta.

#29 MhasibuKilifi

Kwa wachezaji saba plastiki nayo hubadilika tabia, maana raundi moja tu ya ziada ni karata nyingi. Sidhani kwamba itamsaidia Bi. Amu.

#30 MtakwimuWaMalindi

Nitaendesha kwa mchezaji mmoja, watatu na saba, kwa raundi maalumu na kwa plastiki, na plastiki nitaihamisha nasibu kama kaka KaziYaMeza alivyoeleza. Nitatenga pia matokeo ya kila raundi, kuanzia ya 2. Bi. Amu, naomba unieleze, kabla sijaona majibu, unatarajia pengo liwe kubwa zaidi katika raundi ya ngapi?

#31 BintiAmu

Mwanzoni mwa raundi ya 2, kwa mchezaji mmoja. Mhasibu naye aandike lake.

#32 MhasibuKilifi

Mimi naandika raundi za mwisho kabla ya plastiki, kwa mchezaji mmoja vilevile.